Fomu Kumi za Wino wa Pweza

Leo nimepatikana. Nimepatikana mchana kweupe, mbele ya shule nzima, nikiwa nimejifunga kanga ya mama yangu. Naandika haraka haraka kwa sababu Lukas ana picha, na namjua Lukas: simu yake ikipata chaji tu, Nampula yote itaiona. Basi afadhali mkisikie kisa kwangu kwanza.

Kwa wasiojua nilikopotelea tangu tumalize chuo: nimerudi kwetu Palma, nafundisha historia katika shule ya darasa la nane hadi la kumi. (Ndiyo, mimi niliyeapa sitarudi. Endeleeni kusoma, adhabu yangu iko mbele.)

Siku hizi hapa kwetu kila neno lina gesi ndani yake. Barabara itatengenezwa, ni gesi. Samaki wamepanda bei, ni gesi. Mbuzi wa jirani kazaa pacha, watu wanatazamana: gesi hiyo. Mimi kazi yangu imekuwa kuomba ushahidi. Nimeomba ushahidi hadi kwenye karamu ya harusi, nikanyimwa pilau. Lakini safari hii kilikuja kitu cha kushikika. Ofisi ya mkoa iliipa shule yetu nafasi kumi na moja za kozi ya kuchomelea vyuma huko Pemba, kwa wanafunzi wa darasa la kumi. Sharti lilikuwa moja tu: kila mwanafunzi awe na fomu yenye sahihi au dole gumba la mzazi au mlezi wake, na fomu zikabidhiwe leo, Alhamisi, kwa Dona Graça, mama wa ofisi ya mkoa. Gari lake linaondoka saa saba mchana. Fomu isiyokuwepo, nafasi yake inakwenda Mocímboa.

Mocímboa! Waliotufunga manne kwa bila!

Sasa, zamani habari za shule yetu zilikwenda kwa mdomo. Diretor, yaani mkuu wetu wa shule, alimwambia Bi Ancha, Bi Ancha akawaambia wenzake kisimani, na kufikia magharibi mji mzima ulishajua. Mimi nikahoji. Je, huo ni utaratibu? Kumbukumbu iko wapi? Nikaandika karatasi yangu mwenyewe, ukurasa mmoja, nikaipa kichwa: "Habari za Shule na Matukio Yajayo." Nikaipiga muhuri mara mbili. Ndani mlikuwa na mechi ya marudiano, wiki ya mitihani, siku ya kufagia uwanja, na mlango wa choo uliopotea (aliyeuchukua aurudishe, hataulizwa neno). Juu kabisa niliweka mkutano wa wazazi wa wale kumi na mmoja: Alhamisi, saa tatu asubuhi. Na chini kabisa, kwa herufi nzito, sentensi iliyoniletea balaa:

"Mzazi atakayekosa mkutano ataonyesha kwamba hajali masomo ya mtoto wake."

Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliisoma mara tatu kwa sauti.

Kila mwanafunzi akapewa karatasi apeleke nyumbani. Lukas akaisoma yake akakuna kichwa. Lukas anafundisha Kireno. Ni mtu wa Mueda, wa kule juu bara, anayeogopa hata maji ya beseni.

"Rashidi, Alhamisi ni bamvua."

"Nani kasema?"

"Mama mwenye nyumba wangu. Maji yatakupwa hadi mwambani. Wanawake wote watakuwa huko wanachokoa pweza. Hawaji."

"Mtu wa Mueda unanifundisha mimi bahari? Mimi nimezaliwa hatua mia kutoka ufukweni."

"Ndiyo maana nashangaa."

"Lete ushahidi."

Akanionyesha kalenda ukutani, penye kiduara cha mwezi mpevu. Nikamwambia kalenda ile ni ya duka la saruji, haihusiani na bahari. (Msomi huyo. Mtunzeni.)

Basi leo. Saa mbili na nusu nimefika shuleni nimenyooka: shati jeupe, suruali ya mahafali, vile viatu vyangu vyenye ncha mnavyovijua. Madawati nimeyapanga uwanjani, safu tatu. Tayari mtu mmoja alishakaa safu ya mbele: Mzee Amade, kanzu safi, kofia mpya, fimbo kati ya magoti. Nikajua moja kwa moja kilichomleta. Siku hizi penye mkutano wowote, wazee wanakuja kuandikisha majina ya kazi za ulinzi wa kampuni ya gesi. Wamekwenda hadi kwenye mkutano wa chanjo.

"Shikamoo, mzee. Leo hatuandikishi kazi za gesi."

"Marahaba. Najua."

"Huu ni mkutano wa shule."

"Najua, mwanangu."

Akaendelea kukaa. Nikamwacha. Nilikuwa na mambo makubwa.

Saa tatu ikafika. Mzee Amade peke yake. Saa tatu na nusu: Mzee Amade, na kuku mmoja. Saa nne kasorobo likaingia gari la Dona Graça, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, akashuka na faili lake, akatazama madawati.

"Wazazi wako wapi?"

Diretor akanitazama mimi. Lukas akatazama mbingu.

"Watakuwa njiani," nikasema.

"Njia ipi?" akauliza Lukas, kwa upole sana. (Nitamkumbuka.)

Diretor akanivuta pembeni. "Rashidi, karatasi umeandika wewe. Basi kawalete wewe. Nafasi moja ikienda Mocímboa, utakwenda nayo ukafundishe huko huko."

Nikachukua mkoba wenye fomu kumi na moja, kalamu, na kile kidude cha wino wa kupigia dole gumba. Nikashuka kwa miguu hadi ufukweni. Na huko ufukweni, jamaa zangu, hapakuwa na bahari.

Sitanii. Bahari ilikuwa imeondoka. Palipokuwa na maji jana pamebaki mchanga, majani ya bahari na vidimbwi, mbali hadi macho yanachoka, na kule mwisho wa yote, juu ya mwamba, kanga za kila rangi zimeinama. Mji mzima wa akina mama ulikuwa kule. Mkutano wangu umejaa, ila ukumbi umehama.

Mtu mwenye akili angevua viatu. Mimi nilijiuliza: je, mwalimu anaweza kufika mbele ya wazazi pekupeku? Nikajijibu hapana. Hatua hamsini za kwanza zilinipa moyo. Hatua ya hamsini na moja, tope likala kiatu cha kulia. Halikukimung'unya, lilikimeza. Niliingiza mkono hadi kiwikoni nikatoka na kaa mdogo, naye akanibana kidole. Nikavua cha kushoto nikakishika mkononi, sijui kwa faida gani. Mtoto wa pwani, hatua mia kutoka ufukweni, nikaanza kutembea juu ya majani yale kama bata anayekwepa miiba. Nyuma yangu nilisikia kicheko. Lukas alikuwa amenifuata hadi mwisho wa mchanga mkavu. Zaidi ya hapo hasogei. Alisimama pale na simu yake.

Wa kwanza kuniona alikuwa Bi Ancha, yule wa habari za kisimani, ambaye pia ni mama yake Zainabu, mwanafunzi wangu bora katika wale kumi na mmoja. Alikuwa amekunja kanga magotini, kijiti mkononi, pweza wawili begani.

"Mwalimu! Umekuja kuchokoa nini? Viatu?"

Kicheko kikaenda mwamba mzima.

"Bi Ancha, shikamoo. Nimekuja kwa ajili ya mkutano."

"Mkutano upi? Ule wa sisi tusiojali?"

Akasimama wima, akaisema sentensi yangu yote kwa kichwa, neno kwa neno, hata herufi nzito alizitamka kwa uzito. Mwanawe alimsomea. Wote walisomewa. Wenzake wakamalizia kwa pamoja kama qaswida: "...hajali masomo ya mtoto waaake!"

"Si kwamba nilikusudia..."

"Na mimi nimo?" sauti ikauliza kutoka nyuma ya jiwe.

Jamaa zangu, hiyo sauti ndiyo iliyonifundisha kuongea. Mama yangu mzazi akainuka taratibu, pweza anamzunguka mkono hadi begani, naye anambandua mkia mmoja mmoja bila hata kumtazama. Ananitazama mimi.

"Mama, wewe huna mtoto shuleni."

"Nilikuwa naye. Alikwenda Nampula miaka minne. Kila bamvua nilikuwa hapa, sikuhudhuria mkutano hata mmoja. Basi sikujali."

"Mama..."

"Karo ile ulidhani inatoka wapi, baba? Shahada yako ni pweza mtupu."

Mwamba mzima ukalia vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kidimbwi, kiatu kimoja mkononi. (Miaka minne ya kuhoji vyanzo vya kila kitu. Hicho kilinipita.)

Nikasema: "Akina mama, nisameheni. Niliandika bila kufikiri. Lakini fomu hizi zinaondoka saa saba. Kama hamtaki kwa ajili yangu, basi kwa ajili ya Zainabu na wenzake."

"Tukusamehe bure?" akasema Bi Ancha. "Fanya mkutano wako. Sisi masikio yako wazi, mikono ndiyo ina kazi. Maji yanageuka sasa hivi."

Basi nikapanda juu ya jiwe nikaendesha reunião, yaani mkutano wa wazazi, nikiangalia migongo. Nikasoma habari zote na matukio yote yajayo. Mechi ya marudiano: "Safari hii wafungeni nyinyi!" Wiki ya mitihani: "Haya." Mlango wa choo: mama mmoja akainama zaidi. Kozi ya Pemba: hapo migongo ikanyooka.

"Huko Pemba watalala wapi?" akauliza Bi Ancha.

"Kuna mabweni."

"Wasichana na wavulana bweni moja?"

"Nadhani... hapana."

"Unadhani? Nani anawalinda usiku?"

Sikujua. Nilikuwa nimehoji kama gesi ipo, kama kampuni ina nia njema, kama vyuma vitakuwepo vya kuchomelewa. Mtoto wa mtu atalala wapi sikuhoji.

"Wewe mtu wa maswali," Bi Ancha akasema, na safari hii hakucheka, "hilo ndilo ulilosahau? Mimi dole langu silitoi kwa kudhani. Zainabu ninaye mmoja."

Na akina mama wengine nao wakakunja vidole gumba ndani ya viganja. Nikaona nafasi kumi na moja zinapanda gari kwenda Mocímboa.

Nikampigia simu Lukas. (Mnara mpya unashika hadi mwambani. Wanasema umeletwa na gesi. Leo sikuomba ushahidi.) Lukas akakimbia hadi shuleni, akampa Dona Graça simu, nami nikaongeza sauti ya simu yangu. Kumbe mama yake Dona Graça ni mtu wa kisiwa cha Ibo. Dona Graça mwenyewe akajibu kwa Kimwani, lugha ya pwani yetu, kimenyooka, kila mtu akaelewa.

"Mabweni mawili, mama, na ukuta mrefu katikati. Wasichana wana mlezi wa kike, analala chumba cha mlangoni."

Bi Ancha akaisogelea simu kama anaionja. "Huyo mlezi ana usingizi mzito au mwepesi?"

"Mwepesi, mama. Mlezi ni mimi."

Mwamba ukaguna kwa kuridhika.

"Mwalimu," Dona Graça akaendelea, "mbona nasikia maji? Uko wapi?"

"Kwenye mkutano," nikasema, nikakata.

Vidole vikafunguka. Ila meza hakuna, na mawe yote yamelowa. Bi Ancha akanipima kwa macho. "Inama."

"Niinameje?"

"Kama unatafuta kiatu."

Nikainama. Mgongo wangu ukawa ofisi. Nikatoa kile kidude cha wino, nikampa mama yangu akishike, mkono wake wa pweza ukateleza, na wino wa serikali ukazama kwenye kidimbwi ukabaki maji ya bluu. Nikataka kulia. Wenyewe wala hawakushtuka. Bi Ancha alishika pweza, akampindua kichwa kama unavyopindua soksi, akatoa kifuko cheusi, akakitoboa kwenye kifuu cha nazi.

"Huu haufutiki," akasema. "Muulize bwanangu, shati lake la harusi."

Nao wakapiga madole yao mmoja mmoja, juu ya mgongo wangu, wakinisifia: "Meza imara hii." "Imelishwa pweza." Kwenye mama wa tisa nilijaribu kujinyoosha kidogo. Nikasikia mpasuko. Suruali ya mahafali, kutoka kiunoni hadi pale msipotaka kujua.

Sitaeleza kelele zilizofuata. Mama yangu peke yake hakucheka (alicheka, lakini aligeuka kwanza). Akafungua kanga yake ya juu, mpya, ya kutoka Mtwara, akanifunga kiunoni kama alivyonifunga nikiwa na miaka mitatu. Fomu akaziweka ndani ya ndoo yake, juu ya pweza, ndoo akaitia kichwani, maana maji yalishaanza kujaa na mimi sikuaminika tena na kitu chochote. Yalitufika magotini kwenye mkondo. Mama alikuwa anazungumza na wenzake habari za bei ya mchele. Mimi nilikuwa nashika kanga kwa mikono miwili.

Saa saba kasoro dakika tano nikaingia uwanja wa shule. Pekupeku. Mgongo wa shati umejaa madoa meusi. Kiunoni kanga nyekundu. Wanafunzi wote walikuwa nje, mapumziko. Wakanikodolea macho. Halafu, nilipowapita, pakazuka mguno mdogo nyuma yangu, kama watu wanaosoma kitu kwa midomo. Sikugeuka. Nilikuwa na mambo makubwa.

Dona Graça alishawasha gari. Akapokea fomu, akazinusa. Akavua miwani, akazinusa tena.

"Wino gani huu?"

"Wa hapa hapa," akajibu mama yangu.

Akazihesabu kwa kidole. "Kumi. Ya Bakari haina kitu."

Nikafadhaika. Bakari! Wazazi wake wote wawili wako Macaloe, kisiwani, kwenye uvuvi. Mwambani hakuwepo mtu wake. Nikaanza kusema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, kwamba huyo bwana mdogo itabidi asubiri mwaka mwingine, kwamba mlezi wake hakufika...

"Lete kalamu," mtu akasema.

Alikuwa Mzee Amade. Bado kakaa safu ya mbele. Kofia haijasogea.

"Mzee?"

"Bakari ni mjukuu wangu. Anakaa kwangu. Nimefika hapa saa mbili." Akaipokea fomu, akasukuma pembeni kwa dharau kifuu cha wino ambacho mama alikitoa ndooni, akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, kama anavyofundishwa kwenye darasa la jioni la watu wazima. Lilimchukua muda. Dona Graça akazima gari akasubiri.

Mzazi pekee aliyefika. Kwa wakati. Na mimi nilimwambia hatuandikishi kazi za gesi.

"Mzee wangu," nikasema, "mbona hukusema?"

Alichukua fimbo yake, akazunguka hadi nyuma yangu, akainama kidogo, akaweka kidole kwenye makalio yangu, pale kanga ilipoandikwa, na akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama yuko mbele ya mwalimu wake:

"U-nge-u-li-za... u-nge-a-mbi-wa."

Ungeuliza ungeambiwa. Nimetembea nayo matakoni kutoka ufukweni.

Shule nzima ikairudia. Kwa pamoja. Kwa furaha. Diretor alilia machozi, akasema ni mara ya kwanza kuona darasa la nane, la tisa na la kumi wote wanasoma maandishi yale yale bila kukosea. Picha ya Lukas ndiyo hiyo: mimi nimegeuza shingo, Mzee Amade na kidole chake, na mama yangu kwa mbali na ndoo, anatazama pembeni kama hanijui.

Fomu kumi na moja zimekwenda Pemba. Mocímboa hawakupata hata moja. Karatasi ya habari ya mwezi ujao nimeshaianza, na kwa amri ya Diretor itapita kwanza kwa Bi Ancha. Tukio la kwanza ni bamvua.

Kanga mama amekataa kuichukua. Anasema nibaki nayo, nimeilipia. Kwa hiyo mkiona picha, tafadhali msicheke. Na mkishindwa kujizuia, basi angalau msiulize kilichoandikwa nyuma. Mmeshaambiwa.